Mama Taratibu na Bei ya Sebule

Mtaa mzima ulimwita Mama Taratibu, na kila aliyemfahamu alijua jina hilo halikumfaa hata kidogo. Taratibu alikuwa mumewe, fundi rangi, mtu aliyeweza kusimama mbele ya ukuta robo saa nzima bila kushika brashi, anautazama tu kama anayesoma gazeti. Mkewe alikuwa kinyume chake kabisa. Alishona sare za shule katika karakana moja kwa miaka thelathini na mmoja, na huko kazi ilikuwa idadi: mashati arobaini kwa siku, yasipungue, na msimamizi amekusimamia mgongoni. Alitembea haraka, alikula haraka, aliamua haraka. Lakini mwanamume akishaitwa Fundi Taratibu, mkewe ataitwa nani tena? Jina likamwangukia, naye akaliacha likae, maana hata kulikataa kungempotezea muda.

Fundi alikuwa amefariki miaka minne sasa. Karakana ilishamstaafisha. Mama Taratibu alibaki na nyumba ya sebule, jiko na vyumba viwili vya kulala, pamoja na kikohozi ambacho hakikuwa na haraka ya kuondoka.

Kikohozi ndicho kilicholeta maneno. Binti yake alikuwa muuguzi katika mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi, na kila alipopiga simu alisikiliza kwanza pumzi ya mama yake ndipo asalimie. Alipokuja likizo alipitisha kiganja kwenye ukuta wa sebule, na rangi ikabanduka kama magamba ya samaki. Vumbi jeupe likambaki mkononi.

"Mama, hiki ndicho unachovuta usiku kucha."

"Wewe si umekulia humuhumu? Mbona hukufa?"

"Nilipokuwa nakua rangi ilikuwa ukutani. Sasa imehamia kwenye mapafu yako."

Walibishana siku mbili. Siku ya tatu binti akatoa sharti, kwa ile sauti anayowatolea wagonjwa wanaotupa vidonge chini ya kitanda. Kuta zikwanguliwe na kupakwa upya kabla shule hazijafungwa. La sivyo nyumba itapangishwa, na mama atahamia kwake, ghorofa ya tatu, chumba kimoja na wajukuu wawili. Mama Taratibu aliwapenda wajukuu wake sana. Alipenda kuwaona wakija, na alipenda pia kuwaona wakiondoka.

Lakini si wajukuu waliomtia wasiwasi. Katika nyumba hii bado alikuwa mke wa mtu. Misumari aliyoigongelea fundi ilikuwa palepale, bawaba za mlango zililia kwa namna ileile, na kila ukuta ulikuwa umepita mikononi mwake. Huko ghorofani angekuwa bibi tu, mzee anayepewa kona ya kabati. Alijua kwamba akitoka humu, hatarudi.

Basi akaanza kutafuta mafundi, na hapo ndipo lilipojitokeza jambo la kuchekesha. Mwanamke aliyelala kitanda kimoja na fundi rangi kwa miaka thelathini na mitatu hakujua kupaka nyumba ni pesa ngapi. Hakuwahi kulipa hata siku moja. Alijua pesa iliyoingia nyumbani, akaipigia kelele kwamba ni ndogo, basi. Benki alikuwa na laki sita na nusu, masalio ya kiinua mgongo chake, akajua zinatosha na chenji itabaki ya kununulia mapazia.

Wa kwanza kuja alikuwa kijana wa duka la rangi, amevaa fulana yenye nembo, ana tepu ya kupimia na simu ya kupigia hesabu. Alipima kila ukuta, akatoa madirisha, akatoa milango, akazidisha, akajumlisha. Mama Taratibu alimfuata chumba kwa chumba, moyoni akisema kijana huyu ana adabu.

"Laki tisa na themanini," alisema kijana.

"Kwa bei hiyo kuta mnaniachia, au mnaondoka nazo?"

Kijana hakucheka. Alimwandikia karatasi akaenda zake.

Wa pili alitoka mtaa wa nyuma, na wote walimwita Hamna Shida kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyoanzia na kumalizia kila mazungumzo. Yeye hakupima. Alisimama mlangoni mwa sebule, akachungulia, akachungulia na vyumba, mikono iko mifukoni.

"Laki mbili na nusu, mama. Rangi humo humo, kazi humo humo. Kesho asubuhi naingia, kesho kutwa jioni unarudisha viti."

"Na haya magamba?"

"Tunayafunika. Hamna shida."

Ilibaki kidogo akubali. Bei ilikuwa tamu, na haraka ilikuwa tamu zaidi. Kilichomzuia ni ile mikono mifukoni. Hakujua mengi kuhusu rangi, lakini alikuwa ameishi na mtu ambaye hakuwahi kutaja bei kabla hajaushika ukuta. Alimwambia atamjulisha, na Hamna Shida akasema hata hapo hakuna shida.

Wa tatu alielekezwa na mlinzi wa shule. Alipobisha hodi Mama Taratibu alimkuta mwanamke wa makamo ya binti yake, suruali imejaa madoa ya rangi, nywele amezifunga kitambaa, mkononi ana tochi na skrepa, kile kibati cha kukwangulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Na fundi mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Mama Taratibu aliona aibu, akaificha kwa kumvutia kiti. Fundi hakukaa. Aliwasha tochi akailaza ukutani, mwanga ukaupitia ukuta kwa ubavu, na kila kovu likaonekana. Aligonga hapa na pale kwa mpini wa skrepa, akatega sikio. Kisha akakwangua sehemu ndogo karibu na dirisha, akaokota gamba moja kubwa kama kucha na kulileta kwenye kiganja.

"Ona, mama. Huku juu ni rangi ya maji. Huku chini ni ya mafuta, inateleza kama sahani. Aliyepaka mara ya mwisho hakupiga msasa wala hakuweka praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha. Na rangi ya maji haishiki juu ya mafuta hivihivi, kila fundi anafundishwa hilo siku ya kwanza." Alilipuliza gamba likaanguka. "Samahani kusema, lakini huyo mtu alikuibia. Labda hakuijua kazi, au aliijua na hakujali."

Mama Taratibu alilisukuma lile gamba kwa mguu. Uso ulimwaka moto.

"Bei?" aliuliza baadaye.

"Sebule na vyumba viwili, jiko tuliache, laki saba na ishirini."

"Rangi gani hiyo, ya dhahabu?"

"Rangi yenyewe, puti ya kuzibia matundu na praima havifiki hata laki tatu, mama. Iliyobaki ni mikono. Nakuja na mwenzangu mmoja, na sebule peke yake ni siku nne. Mbili za kukwangua mpaka kwenye plasta. Moja ya kuziba, kupiga msasa na kuweka praima. Moja ya kupaka mkono wa kwanza na wa pili. Ukuta huu nikikupakia bila hizo siku, mwakani utaniita tena, na utakuwa na haki ya kunitukana."

"Mume wangu alikuwa fundi rangi. Angeifanya kwa nusu ya hiyo."

"Basi alikuwa anajipunja, mama," alisema yule mwanamke, kwa heshima zake zote.

Hilo lilikuwa la mwisho. Mama Taratibu alimfungulia mlango, akamshukuru kwa kuja, na alipofunga hasira zikampanda. Alikuibia. Mtu aliyekuwa akirudisha hata msumari wa mteja, eti aliiba. Alitaka kumkimbilia barabarani ampe vidonge vyake. Badala yake alikaa kwenye kiti kinachotazama ukuta ule, akakohoa, na hasira ilipopungua kidogo akasikia neno lingine alilolisema yule fundi. Siku nne.

Neno hilo alikuwa amelisikia kabla, katika sebule hiihii, kwa sauti nyingine.

Fundi Taratibu hakuwa mtu wa kujua kupanga bei. Alikuwa anakwenda nyumbani kwa mteja, anaomba kiti, anakaa katikati ya chumba na kuuliza maswali ambayo mkewe aliyaona ya ajabu: mnakaa humu saa ngapi, jua linaingia upande upi, watoto wanaegemea wapi. Ndipo anataja bei, na bei ilikuwa halali, na hapo ndipo mteja anapoanza. Kulikuwa na mama mmoja wa nyumba yenye geti la chuma, Mama Taratibu alimjua kwa sababu siku moja alimpelekea mumewe chakula cha mchana akayasikia mazungumzo yao kwa masikio yake. "Rangi gani hiyo ya bei hiyo?" yule mama alisema. "Fundi mwingine angenifanyia kwa nusu." Fundi Taratibu akatazama chini, akakuna shingo, akashusha. Alishusha tena. Jioni alirudi nyumbani na pesa isiyofika hata bili ya maji, pamoja na kopo lililobaki robo.

Hilo kopo ndilo lilikuwa bakshishi yake. Wateja wakishamkata bei walimpa mabaki, na walidhani wamefanya wema. Stoo ya nyuma ilijaa makopo: krimu ya zahanati, kijivu cha ofisi ya posta, kijani cha darasa, nyeupe ya watu waliokuwa wanaoana. Mkewe alimsema mpaka akachoka. Alimwambia yeye anayeshona kola za shule ana akili ya biashara kuliko mtu anayepaka nyumba za wakubwa. Alimwambia hao watu wanamcheka. Fundi alisikiliza, akasema, "Wamefurahi lakini," kama vile furaha inalipia sukari.

Sasa Mama Taratibu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na maneno ya yule mama wa geti la chuma yalikuwa yametoka kinywani mwake mwenyewe, neno kwa neno. Kwa miaka yote alimchukia mwanamke yule. Hakuwahi kufikiri kwamba angezeeka na kuwa yeye.

Na siku nne?

Siku nne zilikuwa zimeingia katika nyumba hii mara mbili. Mara ya kwanza walikuwa vijana, wamehamia juzi, hawana mtoto wala meza. Nyumba ilikuwa plasta tupu. Fundi alichukua siku nne bila mshahara, wakalala jikoni juu ya maboksi, na yeye akaziba kila tundu kwa ncha ya kidole, akapiga msasa mpaka nywele zake zikawa nyeupe kama za mzee, akapaka rangi ya mafuta, krimu iliyobaki kwenye korido za hospitali. Mkewe alimcheka. Alimwambia, "Hivi ndivyo utakavyokuwa ukizeeka, na bado nitakupikia." Ilikuwa ndiyo siku aliyokuwa na furaha kuliko zote, na alikuwa hajaikumbuka kwa muda mrefu sana.

Mara ya pili ilikuwa miaka kumi na minne iliyopita. Binti alikuwa amemaliza chuo cha uuguzi, na walimu wake na wenzake walikuwa wanakuja nyumbani Jumatatu jioni kumpongeza. Mwaka mzima mkewe alikuwa anauliza, sebule yetu lini? Na mwaka mzima fundi anajibu, nikipata siku nne. Hakuzipata, kwa kuwa nyumba za watu zilikuwa hazimwishi. Jumamosi usiku mkewe akapasuka.

"Nyumba za watu zinang'aa, ya kwako inanuka. Watakaa hapa watu wenye elimu zao, waone mke wa fundi rangi anavyoishi. Kesho huna kazi. Paka kesho."

"Kesho ni siku moja, mama watoto. Chini ni mafuta. Ukuta huu unataka siku nne."

"Una moja. Tumia hiyo."

Alikumbuka jinsi mumewe alivyomwangalia. Si kwa hasira. Alikuna shingo, kama alivyofanya kwa yule mama wa geti, akaenda stoo. Asubuhi alichanganya makopo matano katika ndoo moja, akakoroga mpaka ikatoka rangi kama ganda la yai la kienyeji, rangi ambayo hakuna duka linaloiuza kwa sababu ilikuwa ya nyumba tano za watu. Jioni sebule ilikuwa mpya. Wageni waliisifu. Mama Taratibu aliringa kama bibi harusi, na kwa miaka mingi baadaye kila aliyeingia aliambiwa, rangi ile aliitunga mume wangu kwa mkono wake.

Ilipoanza kubanduka pale pembeni mwa dirisha alitundika kalenda. Iliposhuka chini ya kalenda alisogeza kabati. Alisema ni unyevu. Alisema ni mvua ya mwaka ule. Alisema hivyo mara nyingi mno hata akaamini, na sasa, kwenye kiti hiki, hakuweza tena kuamini. Fundi aliijua kazi. Aliijua na alijali. Aliyemharakisha alikuwa yeye.

Kesho yake alimpigia simu yule fundi wa kike.

"Nina laki sita na nusu," alimwambia. "Sitaki ushuke bei. Tupunguze kazi. Fanya sebule na chumba changu, chumba cha wageni nitakifunga."

Upande wa pili fundi alipiga hesabu kwa sauti ya chini.

"Hivyo itakuwa laki tano na arobaini, mama. Na rangi je? Ile iliyopo naweza kupeleka gamba dukani, mashine itaifananisha. Ni elfu arobaini zaidi, na haitakuwa ileile hasa."

Mama Taratibu aliinuka na simu sikioni, akaupitishia ukuta kiganja mara moja.

"Acha," alisema mwishowe. "Weka rangi unayoiamini."

Walikuja wawili, yeye na mwenzake, bwana mnene asiyesema sana ila alipiga miluzi. Waliweka viti katikati ya sebule wakavifunika turubai, wakaanza na skrepa. Binti alikuwa amempa Mama Taratibu amri kwa simu akae kwa jirani kazi ikiendelea, asivute vumbi, lakini alikuwa anarudi kila saa na kitambaa puani, anasimama mlangoni kama msimamizi wa karakana. Rangi ya ganda la yai ilianguka kwa vipande vikubwa bila kushikilia kitu. Aliuma meno. Chini yake ikatokea ile krimu ya hospitali, na hiyo haikutaka kutoka. Bwana mnene aliacha kupiga miluzi akaanza kuhema.

Siku ya pili jioni fundi alimwita.

"Njoo uone, mama." Aliiweka tochi ukutani kama siku ile ya kwanza, na mwanga ukapita juu ya plasta bila kukwama popote. "Huku chini alipita mtu mwingine kabisa. Tazama alivyoziba. Siwezi hata kukuonyesha matundu yalikuwa wapi. Nimefanya kazi miaka kumi na sita, sijui kama naweza kuziba hivi. Kumbe nyumba yako ilianzwa na fundi kweli, akaja mwingine akaiharibu."

Maneno yalimfika Mama Taratibu mdomoni, akayarudisha. Alisema kwamba maji yanachemka, akaondoka. Usiku ule, huko kwa jirani, usingizi haukumjia. Alikuwa amemwacha mumewe atukanwe mara ya pili ndani ya nyumba yake, na yeye akakimbilia birika ambalo hata halikuwa motoni.

Sebule ilimalizika siku ya nne kama alivyoahidiwa, na chumba siku ya sita. Rangi ilikuwa nyeupe yenye joto kidogo, tulivu, na harufu yake haikumchoma koo. Binti alifika siku ya saba mchana, na mafundi walikuwa wanakunja turubai. Alipita kila kona bila kuvua viatu. Alipitisha kiganja ukutani, akakitazama, kilikuwa safi. Alimkalisha mama yake kwenye kiti, akamwekea sikio mgongoni, akamwambia avute pumzi, aachie, avute tena.

"Kikohozi kinapungua," alisema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kushindwa haraka. "Lakini kuta ni kuta, Mama. Bado uko peke yako humu. Mimi sijasema ndiyo."

Mama Taratibu alikuwa ametimiza sharti, na sharti lilikuwa linamkimbia.

"Usiwe na wasiwasi na kuta, dada," alisema fundi, akiwa anafunga ndoo yake. "Hizi sasa mtasahau habari zake. Tatizo lilikuwa yule aliyepaka mara ya mwisho. Nilimwambia mama, huyo mtu aliwaibia."

Binti aliinua kichwa. Uso wake ulibadilika, akafungua mdomo, na Mama Taratibu akamwahi.

"Alikuwa mume wangu," alimwambia fundi. "Wa juu na wa chini, mtu mmoja. Ulichokisifu alikifanya kwa siku nne. Ulichokitukana alikifanya kwa siku moja, na hiyo siku moja nilimpa mimi. Alinieleza sawasawa kama ulivyonieleza wewe, na mimi nikamwambia atumie aliyonayo. Nimekuacha umseme wiki nzima kwa sababu niliona aibu. Hakuniibia kitu. Mimi ndiye niliyemwibia zile siku tatu."

Fundi aliiweka ndoo chini. Bwana mnene alijifanya anatafuta kitu kwenye turubai.

"Nisamehe, mama," alisema fundi. "Sikujua."

"Ungejuaje? Niliyejua ni mimi." Alimhesabia pesa yake palepale, laki tano na arobaini, bila kuuliza chochote, na wakatoka.

Mama na mwana wakabaki na viti viwili katikati ya sebule. Binti alikuwa analia bila kujificha, kama alivyokuwa akilia utotoni.

"Siku ile mimi ndiye niliyemshikia ngazi," alisema. "Nilimuuliza kwa nini hapigi msasa, maana hata mimi nilikuwa nimeshajua kazi yake inavyokwenda. Akaniambia, mama yako amengoja sebule hii mwaka mzima, acha aipate, nitakuja kuirudia."

"Hakuirudia."

"Alitaka. Ile miaka ya mwisho kabla hajaugua aliniambia kwenye simu. Mara tatu alitoa skrepa stoo wewe ukiwa kazini, akasema leo nakwangua. Mara tatu akasikia umerudi, akakuchungulia, akakukuta umekaa kwenye hicho kiti unauangalia ukuta. Akairudisha stoo. Alisema, nitamnyang'anyaje ukuta wake?"

Mama Taratibu alishika mikono ya kiti. Alikuwa amemwona akiwa na ile skrepa, walau mara moja, amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alimuuliza anataka nini, akajibu hataki kitu. Yeye akamwambia kama hana kazi akachote maji.

"Mimi nilidhani amechoka tu," alisema.

Alilia sana, kwa haraka, kama alivyofanya kila kitu. Kisha alijifuta uso kwa ncha ya kanga na kumgeukia binti yake, macho mekundu, kidevu juu.

"Haya, sema sasa nijue. Unanichukua, au hunichukui?"

Binti alivuta makamasi, akacheka kidogo katikati ya machozi.

"Nikuchukue, halafu Baba nimwambie nini?"